Picha za Ulimbwende za Nyeusi na Nyeupe Ufukweni: Mwongozo kwa Anayeanza Bagamoyo

Maswali ya wapigapicha wanaoanza hayabadiliki sana. Wanauliza kwa nini picha ya rangi ikiondolewa rangi haifanani na zile za zamani, kwa nini uso hutoka mweusi tii wakati anga limetoka vizuri, na ni saa ngapi hasa mtu afike ufukweni. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kupanga siku hadi kusafisha mkanda wa filamu. Umeandikwa kwa ajili ya ufukwe wa Bagamoyo, ingawa mtu wa Pangani au Tanga anaweza kuutumia kwa mabadiliko madogo.

Mtindo unaozungumzwa hapa ni ule wa picha ya mtu aliyejipamba na kuwekewa mwanga kwa makusudi, mtindo uliokomaa Hollywood katika miaka ya 1930 kwa mikono ya watu kama George Hurrell, aliyeajiriwa na kampuni ya filamu ya MGM mwaka 1930. Miaka ya 1950 mpigapicha Bunny Yeager wa Florida aliutoa studioni akaupeleka ufukweni, akiwasha flashi mchana wa jua kali. Kwa upande wetu, ukitaka kuona jinsi watu wa pwani walivyojipanga mbele ya kamera zamani, tafuta picha za Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930.

Jambo moja linapaswa kueleweka kabla ya yote. Maelekezo mengi ya mtindo huu yaliandikwa kwa ajili ya nyuso nyeupe, ambazo huchongwa kwa kivuli: unamulika upande mmoja na kuacha mwingine ufifie. Ngozi nyeusi huchongwa zaidi kwa mng'ao, yaani ile michirizi ya mwanga inayokaa kwenye paji la uso, mfupa wa shavu, bega na mfupa wa mtulinga. Anayefuata maelekezo ya kivuli peke yake hupata uso uliozama, kisha huilaumu kamera. Hatua zote zinazofuata zinatafuta mng'ao huo.

VITU VYA KUANDAA

Kamera yoyote inayokuruhusu kupanga mwanga mwenyewe inafaa, iwe ya mkanda, ya dijitali au simu yenye sehemu ya kurekebisha kwa mkono. Lenzi ya milimita 50 inatosha kuanzia, na ya 85 hadi 135 ni bora kwa uso na mabega. Kwenye simu, tumia lenzi ya kuvuta na kuacha ile pana, kwa sababu pana hukuza pua na kupunguza masikio.

Kwa wanaotumia mkanda, Ilford FP4 Plus ya ISO 125 (ISO ni kipimo cha wepesi wa mkanda kunasa mwanga) inafaa ufukweni kuliko HP5 Plus au Tri-X za ISO 400. Kwenye jua kamili, kanuni ya zamani inasema ukiweka tundu la lenzi f/16, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, iwe sehemu ya sekunde inayolingana na namba ya ISO. Ukitaka f/4, yaani tundu kubwa zaidi, ili mandhari ya nyuma ilainike, mkanda wa 125 utadai kasi ya 1/2000, na ule wa 400 utadai zaidi ya 1/6000, kasi ambayo kamera nyingi za zamani hazina.

Vingine ni hivi:

- filta ya njano na ya rangi ya chungwa zinazoingia kwenye lenzi yako, pamoja na filta moja ya kioo kitupu;
- ubao mwepesi wa mita moja uliobandikwa karatasi ya fedha upande mmoja na karatasi nyeupe upande mwingine (rifleta ya dukani ikipatikana, vizuri zaidi);
- shuka jeupe na chandarua cheupe kisicho na maua;
- flashi ndogo, kama unayo;
- mafuta ya nazi, poda isiyo na rangi, vibanio vya nguo na pini;
- brashi laini, kitambaa cha lenzi, chupa ya maji baridi yasiyo na chumvi, na ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana ya kuhifadhia vifaa;
- msaidizi mmoja mwenye subira.

Msaidizi si anasa, kwa kuwa ubao wa karatasi ya fedha kwenye upepo wa bahari haushikwi na jiwe.

HATUA ZA KAZI

1. Panga siku kwa kufuata maji na jua.

Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki, kwa hiyo jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya mji. Hilo linakupa vipindi viwili visivyofanana. Asubuhi, jua humpiga usoni mwanamitindo anayetazama bahari. Jioni, jua likishashuka nyuma ya minazi na majengo, sehemu ya ufukwe huwa kwenye kivuli huku anga lote la juu ya bahari likiwa bado jeupe, na anga hilo hufanya kazi ya taa moja kubwa laini. Kwa anayeanza ninapendekeza jioni, kuanzia saa 10:30 hadi karibu na magharibi, kwa sababu inasamehe makosa.

Kwa kuwa tupo karibu na Ikweta, jua letu hupanda karibu wima, kiasi cha nyuzi 15 kwa saa. Mwanga mlalo wa asubuhi unaosifiwa katika vitabu vya Ulaya hapa hauzidi saa moja na kitu. Kuanzia saa 4 hadi saa 10 funga kamera, ule, upumzike.

Kuhusu maji, wakati wa bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa kawaida maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na hupwa katikati ya asubuhi. Maana yake ni kwamba jua linapochomoza maji yanarudi nyuma yakiacha mchanga uliolowa usio na nyayo, unaoakisi anga kama kioo. Asubuhi za namna hiyo zisikupite. Maji yakishapwa sana, bahari ya Bagamoyo hukimbia mbali na kuacha tope na majani, jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii. Kila siku nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo angalia jedwali la maji au, kwa uhakika zaidi, muulize mvuvi siku moja kabla.

Epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwani mbali na mvua yenyewe, Mto Ruvu unaoingia baharini kaskazini mwa mji huleta maji ya udongo. Upepo nao una adabu zake. Kusi inapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, nywele zilizoachwa wazi hazitulii, hivyo funga kilemba au mwelekeze mwanamitindo aukabili upepo badala ya kuupa kisogo.

2. Malizana na watu kabla ya kufungua begi.

Pata ridhaa ya maandishi ya mwanamitindo inayoeleza picha zitatumika wapi, hakikisha ametimiza miaka 18, na mkaribishe aje na ndugu au rafiki. Bagamoyo ni mji wa watu wanaoishi na kuswali, si pazia la studio. Mavazi ya kuogelea yasipitishwe soko la samaki wala mitaa ya Mji Mkongwe. Tafuta ufukwe wa hoteli kwa makubaliano na wenyewe, au chagua mavazi ya heshima, ambayo kwa mtindo huu yanapendeza zaidi. Ukitaka jahazi au mashua iliyolala mchangani iwe nyuma ya picha, zungumza na nahodha wake na mkubaliane malipo mapema. Kwa maeneo ya kale kama Caravanserai (kituo cha zamani cha misafara), Boma la Wajerumani au magofu ya Kaole, kiasi cha kilomita 5 kusini mwa mji, omba kibali ofisini na ukate tiketi. Makaburi ya Kaole yasitumiwe kuegemea wala kukalia. Hilo halina mjadala.

3. Chagua mavazi kwa uzito wa rangi.

Katika picha ya nyeusi na nyeupe, kitambaa chekundu na cha kijani vyenye uzito unaokaribiana hutoka kijivu kilekile, na gauni lililowagharimu fedha likapotea ndani ya minazi. Jaribu kila vazi kwa simu iliyowekwa kwenye nyeusi na nyeupe kabla ya kutoka nyumbani. Kanga ya kisutu hufanya kazi vizuri sana kwa sababu rangi zake tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, zinakupa viwango vitatu vilivyo wazi. Gauni la hariri au satini, lulu shingoni, hereni kubwa, miwani mikubwa ya jua na kitambaa cha kichwani kilichofungwa chini ya kidevu huleta miaka ya 1950 bila kuitangaza. Ondoa saa za kisasa, alama za kampuni kwenye nguo, na kandambili.

Upande wa ngozi, paka mafuta ya nazi kidogo kwenye mabega, mtulinga, mikono na miguu. Usoni weka tone tu kwenye mifupa ya mashavu, kisha tuliza paji la uso na pembe za pua kwa poda. Kosa la kawaida ni kupaka uso mzima poda nene inayoua mng'ao wote. Kosa la pili ni kupaka mafuta uso mzima, kisha mng'ao ukageuka jasho. Wanja uwe mzito kuliko wa kila siku, na rangi ya mdomo iwe nyekundu iliyoiva au ya zambarau, kwa sababu nyekundu nyepesi hufifia na kulingana na ngozi.

4. Mweke mwanamitindo kulingana na mwanga, kisha ndipo utafute mandhari.

Wengi hufanya kinyume: wanaona jahazi zuri, wanamsimamisha mtu mbele yake, kisha wanahangaika na mwanga. Jioni, msimamishe ndani ya kivuli akiwa hatua chache tu kutoka mpaka wake, na uso uelekee baharini. Mgeuze polepole kushoto na kulia huku ukitazama shavu lake, hadi uone mchirizi mmoja mrefu wa mng'ao ukikaa kwenye mfupa. Hapo msimamishe.

Asubuhi, kati ya saa 2 na saa 3, jua huwa limepanda kiasi cha kutoa ule mwanga wa Hollywood unaoshuka kutoka juu na mbele na kuweka kivuli kidogo chini ya pua. Mwanamitindo atazame bahari na ainue kidevu kidogo. Jua likimchoma macho, afumbe, uhesabu hadi tatu, afumbue, na upige papo hapo. Ukiona mwanga umekuwa mkali, msaidizi pamoja na mtu mwingine washike chandarua kilichokunjwa mara mbili juu yake, nje ya fremu.

5. Rudisha mwanga kutoka chini.

Mchanga wa Bagamoyo si mweupe kama wa Nungwi, kwa hiyo haurudishi mwanga wa kutosha chini ya macho na kidevu. Tandika shuka jeupe mbele ya miguu ya mwanamitindo, au msaidizi ashike ubao kwa usawa wa kiuno. Upande mweupe utumike kwa uso. Upande wa fedha uende kwenye mabega na vitambaa vya kung'aa, na ukae mbali kidogo. Ukimpiga mtu usoni na karatasi ya fedha kwa karibu, macho yatajikunja na picha itafanana na ya polisi.

Mwenye flashi afuate njia ya Yeager: jua liwe nyuma au kando ya mwanamitindo, panga kamera kwa mandhari, kisha washa flashi ikiwa dhaifu kuliko jua kwa stopu moja au moja na nusu (stopu moja ni kupunguza mwanga hadi nusu, au kuuongeza mara mbili). Kumbuka kwamba flashi ina mpaka wa kasi ya shata, ambao kwa kamera nyingi za dijitali ni karibu 1/200 na kwa kamera nyingi za zamani ni 1/60. Ukivuka mpaka huo, sehemu ya picha itatoka nyeusi.

6. Pima mwanga usoni.

Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Kipimo cha kamera kinajitahidi kufanya kila kinachokiona kiwe kijivu cha kati. Kikipimia anga na bahari, vyenye mwanga mwingi, kitapunguza mwanga na uso utazama. Kikipimia uso mweusi peke yake kwa karibu, kitaongeza mwanga hadi uso uwe wa kijivu kilichopauka na kitambaa cheupe kiungue. Yote mawili ni makosa, na dawa yake ni moja: sogea hadi uso ujaze fremu, pima, kisha punguza kwa stopu moja, yaani nusu ya mwanga huo. Kwa ngozi nyeusi sana punguza moja na nusu. Kwa maji ya kunde, nusu tu. Funga kipimo hicho, rudi nyuma, upige bila kujali kamera inavyolalamika. Kwenye simu, gusa uso hadi kipimo kifungwe, kisha vuta alama ya jua chini kidogo.

Mwenye mkanda asipunguze kupita kiasi. Akisitasita, aongeze mwanga, kwa sababu negativu nyembamba haina kitu cha kuokoa kwenye vivuli. Mwenye dijitali afanye kinyume na alinde weupe.

7. Tumia filta kwa akili.

Filta ya njano inakula karibu stopu moja na kutenganisha mawingu na anga. Ya rangi ya chungwa huongeza giza la anga na kung'arisha ngozi ya kahawia. Nyekundu inakula kama stopu tatu, hufanya anga liwe kama la usiku, lakini huipausha midomo, na kile kisutu chako kitapoteza wekundu wake wote. Kwa sababu hiyo nyekundu niliiacha nje ya orodha. Mikanda ya mwanzoni haikuona rangi nyekundu kabisa, ndiyo maana midomo katika picha za kale sana ni myeusi.

Ulaini wa zamani hupatikana kwa kupaka vaselini kidogo sana pembezoni mwa filta ya kioo kitupu, katikati pabaki safi. Usiipake lenzi yenyewe kamwe.

8. Panga mwili na fremu.

Uzito uwe kwenye mguu wa nyuma, goti la mbele likunjwe kidogo, mabega yageuke upande na uso urudi kwako. Mikono isibanwe mbavuni. Piga kutoka usawa wa kiuno ukitaka mwili urefuke, na usawa wa macho kwa picha ya uso. Mstari wa bahari usipite shingoni wala machoni. Pandisha au shusha kamera hadi ukae chini ya mabega. Tanga la mashua likionekana kwa mbali, liwe upande ambao mwanamitindo anautazama. Mengine utayaona mwenyewe.

9. Geuza picha au safisha mkanda.

Mwenye dijitali apige katika faili ghafi (RAW), kisha kwenye programu apandishe kidogo rangi ya chungwa ili kufungua ngozi, ashushe bluu ili kutuliza anga, na aongeze chengachenga, zile punje za picha za mkanda, kwa kiasi. Usitumie kifaa cha kulainisha ngozi, kwa kuwa kinafuta mng'ao uliouhangaikia siku nzima.

Mwenye mkanda ajue kwamba adui wake ni joto. Maji ya bomba au tangi kwetu huwa juu sana ya nyuzi 20 zinazotajwa kwenye karatasi za dawa. Weka chupa za dawa ndani ya beseni la maji yenye barafu, barafu ikiwa nje ya chupa, hadi zifike nyuzi 20. Hapo FP4 Plus na HP5 Plus husafishwa kwa dawa ya kusafishia ya D-76 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa dakika 11. Ukishindwa kushuka chini ya nyuzi 24, punguza muda uwe karibu dakika 8. Dawa zote na maji ya kuoshea vikaribiane joto, la sivyo utando wa mkanda utakunjamana. Kuokoa maji, baada ya haipo, yaani dawa ya kukaza picha, jaza maji kwenye tangi la kusafishia mkanda na uligeuze mara 5, badilisha maji ugeuze mara 10, badilisha tena ugeuze mara 20. Suuza mwisho kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, ukihakikisha hujauziwa tindikali.

MATATIZO YA KAWAIDA NA DAWA ZAKE

Picha nzima ni ya kijivu isiyo na nguvu. Lenzi ina ukungu wa chumvi, au umepiga jua likiingia moja kwa moja kwenye kioo. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, kisha kikavu, na ukinge lenzi kwa mkono.

Uso umezama ingawa ulipima. Mara nyingi kipimo hakikufungwa, na kamera ilipima upya uliporudi nyuma. Hamia kwenye mpangilio wa mkono.

Mng'ao umekuwa madoa meupe. Chanzo cha mwanga ni kidogo mno. Weka chandarua kati ya jua na ngozi, au ingia kivulini. Kupaka poda kutapunguza tatizo bila kuliondoa.

Macho hayana uhai. Hakuna mwanga unaoakisiwa ndani yake. Inua ubao mweupe hadi usawa wa kifua na umwambie mwanamitindo autazame ukingo wake wa juu.

Anga limetoka jeupe tupu. Jioni uso ukiwa kivulini hili halikwepeki kwa filta pekee. Ongeza flashi dhaifu ili uweze kupunguza mwanga wa jumla, au kubali weupe huo na utumie fremu ya karibu.

Mkanda una mistari au haukusafishika sawasawa. Muda wa dawa ulikuwa chini ya dakika 5, au tangi halikugeuzwa ipasavyo. Geuza kwa sekunde 10 mwanzoni mwa kila dakika.

Shata au pete ya lenzi inakwaruza. Ni mchanga. Usiizungushe tena, pulizia kwa pampu ya mkono, ondoa chembe kwa brashi, na kama bado inakwaruza mpelekee fundi ikiwa imefungwa ndani ya ndoo yako. Miguu ya stendi suuza kwa maji baridi siku hiyohiyo, kwa sababu chumvi ikilala usiku mmoja kwenye viungio, asubuhi vinakuwa vimegoma.